Mwaka wa Ua la Ndimi

Mwezi uliopita nilikuwa dukani kwa Mhindi mmoja mjini Mwanza, mwanangu mgongoni analia njaa, mimi nachagua kanga, mara mkono mweupe ukanishika bega. "Milembe! Milembe wangu!" Alikuwa Memsabu. Amezeeka, ngozi ya shingo imelegea, lakini sauti ni ileile ya kuita watu kama anaita kuku. Alisema amekuja kuaga, mume wake amestaafu, wanarudi kwao. Akamshika mwanangu kidevu, akamsifu, kisha akaniuliza kama bado naikumbuka bustani yetu. Bustani yetu! Mwenye duka akatabasamu akidhani anashuhudia mapenzi. Nilijibu naikumbuka, nikaiacha kanga juu ya meza, nikatoka nje, nikaketi kwenye ngazi nikamnyonyesha mtoto mbele za wapita njia. Tangu siku ile sijatulia. Kwa hiyo naandika. Nilizaliwa wapi na ukoo gani, hayo hayana kazi hapa. Naandika mwaka mmoja tu, na mtu mmoja, Nyanzala, ambaye hakuufikia mwisho wa mwaka huo. Anayetaka maneno matamu akatafute kwingine.

Ulikuwa mwaka wa vita. Masista walikuwa wamenifikisha kwenye darasa la juu kabisa walilokuwa nalo, na nafasi ya sekondari ingepatikana mwaka unaofuata, basi wakaniweka kwa Memsabu nisubiri huko. Mume wake alikuwa mkubwa wa kinu cha pamba kule chini, upande wa Igogo, na nyumba yao ilikaa juu ya kilima katikati ya mawe, imepigwa chokaa, ina veranda inayotazama ziwa. Nakumbuka chumba cha kulia kuliko vyote: pazia zito lililofungwa hata mchana, meza iliyosuguliwa kwa nta mpaka unaona kidevu chako, na harufu ya mbwa. Mbwa mwenyewe aliitwa Tobi, alikuwa na blanketi lake na bakuli lake la udongo lenye maua ya buluu. Mimi nililala chumba cha nyuma kilichopakana na jiko, na ukuta ule ulikuwa mwembamba, kwa hiyo yote aliyosema Mpishi Hamisi nilikuwa nayasikia, hata aliyokuwa akijisemea peke yake. Hamisi alikuwa mtu wa Tabora, kichwa upara, amepikia wazungu tangu enzi ya Mjerumani. Siku ya kwanza nilipomwamkia shikamoo, alinitazama juu hadi chini akasema, "Marahaba, binti. Unajua Kiingereza, nimeambiwa. Humu ndani usikijue sana."

Lakini Kiingereza ndicho kilichoniweka bustanini. Memsabu alitaka mtu wa kumsomea vitabu vyake vya maua wakati yeye anachimba, maana alikuwa hawezi kushika kitabu kwa mikono ya udongo. Alikuwa na maua ya kila namna, mengi yaliletwa kwa meli, mengi yakafa. Alilolipenda rohoni ni moja tu, nalo lilikuwa mwenyeji: ua alilolichimba porini kando ya njia ya Usagara, siku moja motokaa ilipoharibika. Sisi jikoni tuliliita ua la ndimi. Ni mmea wa kupanda juu, hauna miiba wala kamba. Kila jani ncha yake imejikunja kama kidole cha mtoto, na kila ncha inashika kilicho karibu. Hunyauka kiangazi ukadhani umekufa, kumbe umejificha chini kwenye mizizi yake minene, na mvua ikirudi unachipuka tena. Memsabu alikuwa ameshaupanda mwenyewe nilipofika. Kazi yangu ilikuwa kuufungia fito, kuupalilia na kuumwagilia. Ulipanda haraka mpaka nikawa siupendi. Jioni unaiacha ncha imening'inia hewani, asubuhi unaikuta imeshika fito, tena imebana. Maua yalipofunguka yalikuwa ya kijani kwanza, yakawa manjano, yakaishia mekundu, na petali zake zilipinda zikatazama juu kama ndimi za moto huku ua lenyewe limeinamisha uso. Wazungu waliletwa kuyaona. Walisimama na glasi zao mkononi, wakanong'ona kama wako kanisani.

Nyanzala aliyaona kupitia uzio. Nje ya uzio wa nyumba kulikuwa na jabali pana, tambarare kama sakafu, na chini yake mstari wa vyumba vya wafanyakazi wa kinu. Yeye aliishi chumba cha mwisho na binti yake Limi, aliyekuwa anaanza kutembea na bado ananyonya. Mumewe alikuwa amechukuliwa vitani, Burma au kwingine, hakuna aliyejua. Alikuwa amenizidi miaka michache tu lakini alinitawala kama dada. "Mwangaluka, mwalimu!" alikuwa ananipigia kelele kila asubuhi, salamu ya Kisukuma na jina la kunitania. Siku ile aliegemea uzio, Limi kiunoni, akaliangalia ua kwa muda. "Mbona linatazama chini? Kama mtu aliyefanya jambo." Nikamwambia Memsabu anasema ni ua zuri kuliko yote nchini. "Linaliwa?" Nikasema haliliwi. "Basi hilo ni ua la watu walioshiba," akasema, akacheka cheko lake la kupaliwa, Limi naye akacheka kwa sababu mama yake anacheka.

Mwaka huo mvua ilinyesha vizuri mwanzoni ikakatika ghafla. Mawingu yalikuja kutoka ziwani kila alasiri, meusi, yakapita juu yetu kwenda kunyesha kwa watu wengine. Mtama ulikauka umesimama. Matuta ya viazi yalipasuka, na viazi vilivyotoka humo vilikuwa vyembamba kama vidole, vingine vichungu. Mimi nilikuwa napanda kile kilima na ndoo kichwani, maji ya ziwa, kwenda kumwagilia maua, nikipita katikati ya watu wanaoniangalia. Mezani nilisikia mgeni akisema kwamba wenyeji wamezoea, miili yao inajua njaa. Memsabu akasema ni jambo la kusikitisha, akaomba chumvi. Nikamweleza Nyanzala maneno ya yule mgeni nikitegemea atakasirika. Jina lake, kwa asiyejua Kisukuma, ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa. "Amesema kweli," akanijibu. "Mimi njaa inanijua kwa jina. Ikinikuta njiani inaniamkia." Lakini alikuwa amekonda. Mifupa ya mabega ilitokeza, na Limi alikuwa akinyonya muda mrefu kisha anaanza tena, kama mtu anayechota kisima kilichoanza kutoa tope. Nilikuwa namwona, nikadhani nimeelewa. Sikuelewa. Nimeelewa mwaka huu, nilipozaa.

Kiangazi kilipokolea, ua la ndimi likageuka manjano likaanguka. Memsabu akaagiza lichimbuliwe, mizizi ikaushwe jua kidogo, ihifadhiwe hadi mvua. Tulichimba pamoja, yeye kwa uma wake mdogo, mimi kwa vidole. Ilikuwa mingi kuliko tulivyotegemea: mizizi ya kahawia, laini, mirefu, imekunjika katikati kama kidole kinachoita. Tuliitandaza kwenye mkeka veranda. Dakika hiyohiyo Tobi akachukua mmoja mdomoni. Sijawahi kumsikia Memsabu akipiga ukelele wa namna ile. Alimrukia, akampanua taya kwa mikono miwili, akautoa, akamwosha ulimi kwa maziwa, yeye mwenyewe, magoti chini, maziwa yanamwagika kwenye sakafu. Kisha akanigeukia, uso mwekundu. "Toa hii! Toa yote! Weka mbali, mbwa hapana fika." Nikamuuliza niiweke wapi. Akanyoosha mkono nje ya uzio, kwenye jabali. "Kule. Jua nzuri kule." Nilidhani anaihurumia mizizi yake isigugunwe, kama mtu mwingine yeyote angedhani. Nikaibeba, nikaitandaza juu ya jabali. Hakuongeza neno. Alikuwa na Kiswahili cha kutosha kuongeza neno.

Sasa lazima nieleze jabali lile lilikuwa la nini. Usukumani viazi havikai. Tunavikata vipande vyembamba tunavianika, vikikauka ni michembe, chakula cha kungojea mvua nyingine. Na pa kuanika michembe hakuna kama jabali: jua linachoma juu, jiwe linachoma chini. Wanawake wa vyumba vya kinu walikuwa wamegawana jabali lile, kila mmoja na sehemu yake. Na walikuwa na desturi. Ukikuta viazi vya mwenzio vimelala juu ya jiwe vizima, havijakatwa, na jua linakwenda, hupiti tu. Unachuchumaa unamkatia. Kwa kazi hiyo unajichukulia kiganja kimoja, na mwenyewe akija atakushukuru. Hakuna aliyeita wizi. Ilikuwa heshima, tena mwaka wa njaa ilikuwa heshima kubwa, kwa sababu kila mtu alikuwa na sababu ya kupita bila kuangalia.

Kesho yake asubuhi nilikuwa naanua nguo za meza, Nyanzala akaja uzioni anacheka. "Mwalimu, masista wamekufundisha kila kitu isipokuwa michembe! Nani kakuambia viazi vinaanikwa vizima? Vitaoza." Nikamuuliza viazi gani. Hamisi akaniita wakati huohuo kwa sauti ya hasira, wageni wanakuja chakula cha mchana na kuku hajanyonyolewa. Nyanzala akanipungia mkono. "Nenda, nenda, mtumwa wa watu. Nimekukatia. Sijamaliza, giza lilinikuta." Nikaenda. Nilikuwa nimesikia viazi, na kichwani mwangu viazi vilikuwa viazi. Nilidhani amenichanganya na mtu mwingine.

Mezani walikuwa Memsabu, Bwana, na mgeni mmoja wa kike kutoka Bukoba. Nakumbuka kuku wa mchuzi, nakumbuka njegere, nakumbuka inzi mmoja akitembea kwenye ukingo wa sahani ya Bwana na hakuna anayemfukuza. Nilikuwa naingia na bakuli la matunda wakati mgeni anauliza habari za lile ua aliloliona mwezi wa pili. Memsabu akasema limelala, mizizi iko nje juani. Kisha akacheka. Alisema kwa Kiingereza, na mimi nilisikia kila neno: kwamba ni kiumbe kibaya mno kwa uzuri wake, kwamba kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinammaliza mtu mzima, tena polepole, kwamba jana nusura ampoteze Tobi. "Ndiyo maana nimeitoa nje ya uzio," akasema. "Nje ya uzio, ndiyo salama."

Sijui bakuli nililiweka wapi. Nilipitia mlango wa mbele, mlango wa wazungu, nikasikia Bwana akiuliza huyu ana nini. Juu ya jabali niliiona: nusu mizima, nusu vipande vyeupe vyembamba, vimepangwa safi, mstari kwa mstari, kama anavyopanga mtu anayetaka kusifiwa. Nikashuka nikikwaruzwa na mawe. Nyanzala alikuwa mlangoni kwake amekaa, mgongo kwenye ukuta, Limi kifuani ananyonya. Sufuria ilikuwa kando, tupu.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Salamu kwanza."

"Nyanzala, umekula vile ulivyokata?"

"Kiganja changu. Ni haki yangu." Akakunja uso. "Vichungu, viazi vyako. Vinachoma koo. Mtoto sikumpa, nimempa ziwa tu."

Nikamwambia si viazi. Nikamwambia ni mizizi ya lile ua, ni sumu, Memsabu mwenyewe amesema mezani. Akatafuta mzaha usoni kwangu. Hakuuona. Hakulia, hakuuliza atakufa au hatakufa. Aliingiza kidole kinywani mwa Limi, akamtoa ziwani, akaninyooshea mtoto kwa mikono miwili. "Mchukue." Limi akapiga kelele, akamrudia kwa mikono na miguu, akashika nguo ya mama yake. Nyanzala akambandua vidole kimoja kimoja. "Mchukue nakwambia! Peleka mbali nisimsikie. Nikimsikia nitampa." Maziwa yalikuwa yameanza kumtoka yenyewe, yanalowesha kanga. Nikamfunga Limi mgongoni, bado anapiga kelele. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya nyumba niliposikia Nyanzala anaanza kutapika.

Nilipanda kilima na mtoto yule mgongoni mpaka kwa Memsabu. Nilimwambia kwa Kiingereza, ili asije akasema hakuelewa. Alisimama, akashika kiti. Sitamsingizia: alibadilika rangi. Lakini maneno yaliyomtoka yalikuwa haya: "Nilisema mbali na mbwa. Sikusema kwenye chakula cha watu." Bwana akamwambia anyamaze. Akatoa motokaa, hilo nalo naliandika kwa kuwa ni kweli. Nyanzala alipelekwa hospitali kwa motokaa, amelazwa juu ya magunia ya pamba kiti kisichafuke. Kabla haijaondoka Bwana alizungumza na dereva pembeni. Mimi nilifika hospitali kwa miguu, Limi amelala kwa kuchoka kulia, na dresa, mfunga vidonda wa hospitali, aliyekuwa mlangoni alikuwa tayari na jibu. Amekula samaki walioharibika. Nikamwambia hapana, amekula mizizi ya ua. "Bwana amesema samaki," akanijibu kwa upole. "Binti, wewe unabishana na Bwana?" Nilibishana. Nilipaza sauti mpaka wagonjwa wakainuka vitandani. Muuguzi mmoja akanishika mkono akanitoa nje, akampa Limi uji, akaniambia nimwangalie mtoto kwa sababu mama yake ana watu wa kumwangalia. Hakuwa nao.

Limi aliharisha usiku mzima, nikadhani naye anakwenda. Alfajiri akafumbua macho akaomba uji. Nyanzala alikaa siku kadhaa. Kuna siku alionekana nafuu, akaketi, akaomba maji, akaniuliza mtoto amekula nini. Na asubuhi yake nywele zilibaki kwenye mto, zote, kama manyoya ya kuku. Alijishika kichwa akacheka lile cheko la kupaliwa. "Sasa nafanana na Hamisi." Nikamletea Limi mlangoni amwone kwa mbali, na Limi alipomwona hakumjua, akaficha uso shingoni kwangu. Nyanzala akaugeukia ukuta. Ndiyo mara ya mwisho niliyomwona yu hai. Alipofariki nilimpeleka mtoto Usagara kwa bibi yake, mama wa Nyanzala, nimekaa juu ya lori la pamba. Yule mama alimpokea mjukuu, akaniuliza mwanawe amekufa na nini. Nikamwambia yote. Alikuwa mtu wa kwanza aliyenisikiliza hadi mwisho. Akauliza jambo moja tu: "Na aliyeagiza iwekwe pale alijua?" Nikasema alijua. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Hamisi alinishauri nifunge mdomo, sekondari ilikuwa karibu. "Wewe una kitu cha kupoteza, binti. Sisi wengine tumeshapoteza." Nikarudi kazini kwa sababu masista walinirudisha. Nyumba ilikuwa ileile: pazia, nta, harufu ya mbwa. Mizizi iliyosalia Memsabu alikuwa ameiokota mwenyewe juu ya jabali, ameiweka kwenye sanduku lenye mchanga mkavu, juu ya kabati, Tobi asifike. Sikuamini. Nilidhani ameichoma moto. Mawingu yalipoanza kurudi akaishusha, akaifuta mmoja mmoja kwa kitambaa. Alikuwa anaumwa mgongo, hawezi kuinama. Akakalia kiti cha turubai akaniagiza nipande mimi. Shimo la kina cha kiganja. Mzizi ulale ubavu. "Na angalia ncha," akasema kwa Kiingereza, akanionyesha alama ndogo nyeupe kwenye ncha moja ya kila mzizi. "Hilo jicho lake, hilo moja tu. Likivunjika, mzizi wote ni bure, haumei kamwe." Akasema wageni wa mwaka huu watakuwa wengi, atafanya karamu maua yakifunguka. Akafumba macho, kofia usoni.

Nikachimba. Niliulaza kila mzizi ubavu kama alivyosema, na kabla ya kuufunika nililivunja jicho kwa ukucha wa kidole gumba. Linavunjika kirahisi, halitoi hata sauti. Mmoja baada ya mwingine, mstari mzima, naye yuko hatua chache tu, anapumua chini ya kofia. Nikafukia, nikasawazisha, nikasimika fito mpya ndefu kuliko za mwanzo, nikazifunga vizuri.

Mvua ya mwaka ule ilikuwa nzuri. Kila kitu kiliota, hata nyufa za jabali zilitoa majani. Memsabu alikuwa akitoka kila asubuhi na kikombe chake cha chai, anasimama mbele ya fito tupu, anainama kadiri mgongo unavyomruhusu, anaitazama ardhi. Mimi namwagilia. Alibadilisha siku ya karamu, akaibadilisha tena. Majirani wakaacha kuuliza.

"Labda kesho," alikuwa akisema.

"Labda, Memsabu," nilikuwa namjibu, na kwenda kujaza ndoo nyingine.